Usiku wa Nyota Shela: Hesabu Mwezi Kwanza

Jioni ya kwanza niliyowaalika majirani kutazama nyota ufuoni Shela, kisiwani Lamu, iliharibika kwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimesoma kwamba tangu mwaka 1999 Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 4 hadi 10 Oktoba kuwa Wiki ya Anga za Juu Duniani, kwa kukumbuka kurushwa kwa Sputnik, satelaiti ya kwanza, tarehe 4 Oktoba 1957 na kuanza kutumika kwa mkataba wa anga za juu tarehe 10 Oktoba 1967, nikaona hapana wakati bora kuliko huo. Nikatangaza siku bila kuitazama kalenda ya Kiislamu iliyoning'inia ukutani kwangu. Kumbe ulikuwa usiku wa kumi na nne. Maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kiasi, yalikuwa yamejaa tangu alasiri, njia ya ufuoni kutoka mjini ikafunikwa, na wageni wakafika wamekunja suruali na viatu wameshika mkononi. Mwezi nao ulikuwa mpevu, ukazifuta nyota zote isipokuwa chache. Mtoto wa kwanza kuweka jicho kwenye darubini alilitoa upesi, akalifikicha, akasema, "Mjomba, kama sahani iliyopigwa kurunzi."

Alisema kweli. Mwezi mpevu humulikwa na jua usoni moja kwa moja, hivyo milima na mashimo yake hayatupi kivuli, na uso wote huonekana bapa. Nahodha mmoja mstaafu, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, ndiye aliyenipa ushauri ambao sijauacha tena: "Mwanangu, waite watu usiku wa saba. Maji ni mafu, hayajai sana, watapita wakavu." Yeye alifikiria njia tu, lakini usiku wa saba au wa nane ndio ule ambao jua huumulika mwezi kutoka ubavuni, na kwenye mpaka wa mwanga na giza kila shimo hujaa kivuli cheusi chenye kingo kali. Usiku wa Kimataifa wa Kuutazama Mwezi, unaoadhimishwa Septemba au Oktoba tangu mwaka 2010, nao hupangwa karibu na mwezi nusu kwa sababu hiyo hiyo. Basi waalike watu baada ya Isha, mnamo saa mbili, mwezi ukiwa bado juu upande wa magharibi. Hautazama mpaka karibu na usiku wa manane.

Kwa nyota zenyewe na Njia Nyeupe, panga usiku mwingine, baada ya tarehe 25 ya mwezi mwandamo, ila bamvua huwa linarudi siku hizo, kwa hiyo mimi huwapandisha wageni darini au kwenye vilima vya mchanga. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na simu moja tu ikiwashwa mnaanza upya. Funika kurunzi kwa nailoni nyekundu, na simu zikusanywe kapuni mapema, hata kama wakubwa watanung'unika.

Vitabu vingi vya wanaoanza viliandikwa Ulaya na Marekani, ambako vuli ni majani kupukutika, ilhali kwetu vuli ni mvua. Tangaza na siku ya akiba. Vitabu hivyo humwambia msomaji aanze na Nyota ya Kaskazini, nami nilipoteza jioni nzima nikiitafuta kabla ya kutambua kwamba Lamu iko takriban digrii 2 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo haituchomozei. Mwishoni mwa Oktoba, saa tatu usiku, anza na Fomalhaut, iliyo juu upande wa kusini, ambayo jina lake la Kiarabu ni kinywa cha samaki. Chini yake, kuelekea kusini mashariki, iko Achernar, mwisho wa mto, na ndani ya jina hilo mnasikika "akhiri" yetu. Upande wa kaskazini, kwa macho matupu, hutokea kiwingu hafifu cha Andromeda, ambacho kwa kweli ni galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, alichokieleza al-Sufi, mtaalamu wa nyota wa Uajemi, mwaka 964. Mwanga wake umesafiri miaka milioni mbili na nusu hivi kabla ya kutufikia.

Wakati huo Kilimia, kile kishada cha nyota, kimekwisha panda juu ya kisiwa cha Manda. Waambie watoto wahesabu nyota zake. Wengi huona nyota sita, wenye macho makali saba, na ukiwapa darubini ya mkononi ya macho mawili, yenye namba 7x50 (yaani hukuza mara 7 na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50), huacha kuhesabu. Darubini ya namna hiyo huonyesha pia miezi minne ya sayari ya Mushtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610, Mushtarii ikiwa imechomoza. Usikimbilie kununua darubini kubwa, ingawa ni kweli kwamba pete za sayari ya Zohali hazionekani bila ukuzaji wa mara 25 hivi.

Ufuoni, adui ni mchanga na chumvi. Usiifute lenzi kwa leso wala kwa ncha ya kanzu. Pulizia kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, kisha tumia kitambaa cha miwani. Lenzi yangu ina mkwaruzo tangu ule usiku wa kumi na nne, na kila mwezi nusu mkwaruzo huo huonekana kama ufa mwembamba unaokatiza mashimo.