Kwa malenga wanaoanza kughani jukwaani

Shairi la kitabuni msomaji hulirudia akitaka. La jukwaani linapita mara moja tu, tena ukumbini sahani zinagongana na kuna mtu anaongea na simu. Kwa hiyo tungia sikio. Ukimaliza kuandika, simama ulighani kwa sauti, kwa mahadhi yaleyale utakayoyatumia siku yenyewe. Mizani (hesabu ya silabi) iliyopungua jicho huipita bila kuiona, lakini sauti inakwama palepale.

Mashairi ya mpira ndiyo yanayowaponza wengi, kwa sababu kila mtu anataka kusimulia mechi nzima. Mechi watu waliiona. Wewe chagua tukio moja. Machi 1, 2020, fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza pale Wembley, Aston Villa walifungwa 2-1 na Manchester City. Ukiyasema hayo tu, umesoma taarifa ya habari. Sisi tunachokikumbuka ni lile goli moja la Villa:

Kichwa cha Mbwana Samatta, wavu ukatikisika

Nane ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, nane utao, yaani cha pili. Jina peke yake ni mizani mitano, na "kichwa cha" imelijazia bila kulilazimisha. Pumzi unaivuta baada ya "Samatta", na hapo usiwe na haraka, kwa kuwa watu watashangilia. Waache washangilie, kisha ndipo ushushe utao. Anayekimbilia kipande cha pili anaghani juu ya kelele na hasikiki. Majina ya wachezaji wa kigeni yahesabu kwa matamshi ya mashabiki, si kwa herufi zilizo mgongoni mwa jezi, maana hao mashabiki ndio watakaokuitikia.

Ukigusa Simba na Yanga, kumbuka kwamba nusu ya ukumbi si wako. Utani wa jadi unaruhusu kuchoma, na watu wanaupenda, ila choma pande zote mbili. Kumbukumbu zipo za kutosha: Mei 6, 2012 Simba waliifunga Yanga 5-0, na Novemba 5, 2023 Yanga wakawafunga Simba 5-1. Ubeti mmoja Msimbazi kwa Simba, mmoja Jangwani kwa Yanga, na ukumbi wote unabaki nawe. Matusi kwa mchezaji aliyekosa penalti, au kwa familia yake, mimi siyakubali hata kama yanachekesha. Huo si utani.

Kibwagizo kiwe chepesi. Wafundishe watu ukwapi wake tu kabla hujaanza, wewe ubaki na utao. Wakishaupata, hata ukisahau mshororo watakubeba mpaka ukumbuke.

Sauti anzia chini kuliko unavyodhani inafaa. Ukumbi ukichemka sauti hupanda yenyewe, na aliyeanza juu anafika ubeti wa nne hana pa kwenda. Beti sita mpaka nane zinatosha. Usisome kwenye simu. Macho yakishuka kwenye kioo, hutaona ni meza ipi imechoka na ipi inataka zaidi.

Halafu kuna tuzo. Mtu atainuka katikati ya ubeti aje kukutunza, pengine akubandike noti kwenye paji la uso. Usikatize, wala usishukuru kwa maneno. Inamisha kichwa, rudia mshororo uliokuwa unaughani mpaka arudi kwenye kiti chake, ndipo uendelee na unaofuata.