Barua kwa mwanangu mchungaji: kutoka mimbarini hadi kitabuni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza kama mahubiri yako 12 ya msamaha yanaweza kuwa kitabu, na kama baadaye utaweza kuacha usharika ukaishi kwa kalamu. La kwanza linawezekana. La pili usiliwekee matumaini; hesabu yake nimeiweka mbele kidogo.

Mahubiri yaliyorekodiwa kwenye simu na kunakiliwa neno kwa neno bado si kitabu. Kanisani sauti yako hufanya nusu ya kazi: unapaza, unanyamaza, watu wanaitikia "Amina". Msomaji yuko peke yake chumbani. Mimbarini utasema: "Mtu amekuudhi. Amekuudhi! Unafanyaje? Mwambie jirani yako, samehe!" Ukichapa hivyo, anayesoma hana jirani wa kumwambia, na swali lake limebaki palepale: nimsamehe hata aliyekula fedha zangu na hajarudisha? Kwenye karatasi andika: "Kusamehe hakufuti deni. Unaweza kumsamehe aliyekukopa, na bado ukamdai mbele ya wazee wa kanisa." Hapo msomaji amepata pa kushika.

Mahubiri ya dakika 40 hutoa maneno kama 4,000. Ukitoa salamu, marudio na "Bwana asifiwe", hubaki nusu. Ongeza maneno 500 ya kujibu maswali ambayo watu hukuuliza nje baada ya ibada. Hayo ndiyo huwa mazuri kuliko yote. Sura 12 za maneno 2,500 ni maneno 30,000, ambayo kwa ukubwa wa A5 na herufi za pointi 11 ni kurasa 110 hadi 120. Vitabu huchapwa kwa karatasi kubwa zinazokunjwa, mara nyingi kurasa 16 kila moja, kwa hiyo lenga 112 au 128. Ukiishia 115 utalipia kurasa tupu.

Maandiko usiyanukuu kwa kichwa. Wahubiri wengi husema "fedha ni shina la mabaya", lakini 1 Timotheo 6:10 katika Union Version inasema shina hilo ni "kupenda fedha". Neno moja likidondoka, fundisho limegeuka. Na "jisaidie nami nitakusaidia" haimo katika Biblia yoyote, ingawa utaisikia kila Jumapili. Chagua tafsiri moja, Union Version ya 1952 au Habari Njema, uitaje ukurasa wa mwanzo, na kabla ya kunukuu vifungu virefu omba ruhusa kwa Chama cha Biblia cha Tanzania. Mfano uliousikia kwa mhubiri mwingine, mtaje mwenyewe au uuache.

Linalonitia hofu kuliko yote ni mambo ya watu. Aliyelia ofisini kwako hakulia ili achapwe. Kubadilisha jina hakutoshi: usharika wa watu 300 ukisoma "dada mmoja muuza vitenge ambaye mumewe yuko Afrika Kusini", kabla ya jioni wameshamjua. Akikubali, akubali kwa maandishi, tena asome aya yenyewe kwanza. Akisita tu, ifute. Kitabu kitapona bila aya hiyo. Ukiichapa, yeye hatarudi ofisini kwako, na wengine watakaosikia hawatakuja kabisa.

Sasa hesabu. Tuseme kuchapa nakala moja ni shilingi 4,000 na bei ya dukani ni 8,000. Duka likichukua asilimia 35, unapokea 5,200. Ukichapa 500 na kugawa 50 bure (askofu, wachungaji wenzako, kwaya), nakala 450 zikiisha zote umepata 2,340,000, nawe ulilipa 2,000,000. Imebaki 340,000, kabla ya nauli ya maboksi. Mchapaji atakushawishi uchape 2,000 kwa kuwa bei ya nakala inashuka. Kataa. Vitabu hukaa chini ya ngazi ya kanisa, unyevu unavipinda, mchwa wanafuata, nawe unapata uhamisho. Anza na 300.

Kama usharika utachangia uchapaji, muhtasari wa baraza la wazee uandike ni mkopo au ni zawadi, na mauzo yaende wapi. Lisipoandikwa, siku ya uhamisho litakuwa neno.

ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Omba kabla jalada halijakamilika, maana namba na mistari yake vinakaa nyuma ya jalada. Zima kirekebisha tahajia cha Kiingereza kwenye kompyuta, kisha kagua kila ng' mwishoni mwa mstari, kwa sababu programu hupenda kuikata katikati. Nakala ya majaribio mpe mchungaji mwenzako kwa ajili ya mafundisho, na mama mmoja wa kwaya aisome kwa sauti. Atakapojikwaa, weka alama. Usimweleze ulimaanisha nini.

Nitumie sura ya saba kabla ya ile ya kwanza. Ya kwanza kila mtu huinyoosha.

Mama yako