Umepewa kazi ya kuandika historia ya ushirika wa PCEA Malindi? Anzia kwenye rejista

Kinachoharibu historia nyingi za makanisa ya hapa ni hamu ya kuzirudisha nyuma mno. Mwandishi anafungua na Vasco da Gama wa 1498, anahamia kwenye kanisa dogo la Wareno kando ya bahari, anamtaja Francis Xavier aliyepita Malindi mwaka 1542, na kurasa tatu zimekwisha kabla Mpresbiteri yeyote hajatajwa. Hiyo ni historia ya mji, na tena ya Wakatoliki. Mizizi ya PCEA, yaani Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, ni ya wamishonari Waskoti: walianzia Kibwezi 1891, wakahamia Kikuyu 1898. Swali lako ni nani aliyekuja Malindi kikazi au kibiashara na imani hiyo, akamtafuta mwenzake wa kusali naye.

Majibu yamo ndani ya rejista ya ubatizo. Usiishie kwenye majina. Tazama safu ya sahihi: mwandiko ukibadilika, huenda mchungaji amebadilika. Ukiona ubatizo wa watoto wengi siku moja kisha miezi mitupu, inaelekea mchungaji alikuwa akija kwa zamu kutoka mbali, na ibada za katikati ziliongozwa na wazee wa kanisa. Linganisha na kumbukumbu za baraza la wazee za miezi hiyohiyo.

Mwaka wa kuanzishwa huzua ugomvi, kwa sababu ushirika una mianzo kadhaa: siku waumini walipoanza kukutana sebuleni au darasani, siku presbiteri, yaani baraza linalosimamia makanisa ya eneo, ilipoupa hadhi kamili, siku jengo lilipowekwa wakfu. Tarehe ya jiwe la msingi ni nyingine tena. Harambee ikikwama, miaka hupita kati ya jiwe na bati. Ziandike zote, kila moja na jina lake.

Unapowahoji wazee, usiulize "mwaka gani?" Uliza: kabla ya Uhuru au baada? Kabla ya mvua za El Niño za 1997? Mliabudu wapi bahari ilipochafuka kwa tsunami ile Desemba ya 2004? Mhoji kila mmoja peke yake, maana wakikaa pamoja, msimulizi hodari huwapa wengine kumbukumbu zake. Waulize pia majirani Waislamu wenye maduka karibu na kiwanja. Wao waliona ujenzi kila siku.

Karatasi za Pwani hufa kwa unyevu na mchwa. Zipige picha kabla ya masika, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na jalada na kurasa tupu, ili mpangilio usipotee. Usibandike selotepu, gundi yake huacha doa lisilotoka. Usipige lamineti, haiondoleki. Kabati liwe mbali na ukuta na liinuliwe kutoka sakafuni.

Rasimu ikiwa tayari, wasomee Woman's Guild, umoja wa kina mama wa kanisa, kwanza. Kumbukumbu za baraza humtaja mwenyekiti wa ujenzi, lakini kina mama waliopika na kuuza ili mifuko ya saruji ipatikane mara nyingi hawamo, nao wanajuana kwa majina.