Maswali ya Jikoni: Aisingi ya Madonge ya Keki

Wiki hii karibu kila swali ni la madonge ya keki: keki huvurugwa, ikashikanishwa kwa aisingi, ikaviringwa, kisha ikachovywa kwenye chokoleti. Na kwa kuwa kaskazi imekaza hapa Lamu, kilio ni kimoja, cha kuyeyuka.

*Shangazi, keki moja nilitia bakuli zima la aisingi. Madonge yakawa tope. Nimekosea wapi? (Mama wa Langoni)*

Mwanangu, ni hilo bakuli. Aisingi hapa ni ya kushikanisha tu, na keki ina mafuta na unyevu wake tayari. Chukua keki ya gramu 500 iliyopoa kabisa, ivuruge mpaka iwe kama mchanga wa Shela, anza na vijiko vikubwa vitatu vya aisingi. Changanya kwa ncha za vidole, usikande kama chapati. Kisha finya kidogo kwenye ngumi: donge likipasuka, ongeza nusu kijiko, kiganja kiking'aa mafuta, umeshapita. Anayepika vitumbua atanielewa, maji kuongeza ni rahisi, kuyatoa ndiyo kazi. Tope ulilonalo usilitupe. Saga biskuti kavu, changanya, weka kwenye friji nusu saa, ndipo uviringe.

*Siagi au majarini? (Msomaji, Malindi)*

Kwa ladha, siagi, wala sibishani na mtu. Kipimo changu ni gramu 100 za siagi kwa 200 za sukari ya aisingi iliyochekechwa. Lakini siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, na kiganja chako hakiko mbali na hapo. Msimu wa kaskazi mimi huchanganya nusu siagi, nusu majarini ngumu. Mafuta mgando ya kupikia yanahimili joto zaidi, ila hubaki yamenata kwenye kaakaa, na mgeni atajua.

*Nimebakiwa na aisingi ya ute wa yai. Inafaa?*

Haifai. Ikikauka huwa ngumu kama chokaa. Ihifadhi ya kuchorea maua juu.

*Chokoleti yangu iliganda ghafla ikawa vibonge, na moto ulikuwa mdogo! (Bibi harusi mtarajiwa, Mkomani)*

Hayo yamenifika, tena usiku wa kuamkia Idi, sinia mbili za madonge zikisubiri. Niliyeyusha chokoleti kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji moto, nikaifunika, eti ipate joto upesi. Nilipofunua, mvuke uliokusanyika kwenye kifuniko ukadondoka ndani, matone mawili matatu tu. Basi! Ikawa kama uji ulioungua. Sukari na kakao mle ndani ni kavu. Zikipata maji kidogo hushikamana. Kwa hiyo bakuli na kijiko viwe vikavu kabisa, usifunike, na sehemu ya chini ya bakuli isiguse maji. Ikishaharibika, tia maziwa ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, itarudi kuwa laini, lakini ya kumiminia tu, haitafaa tena kuchovya.

Na kabla hujauliza kwa nini ganda hupasuka: unachovya madonge yakiwa baridi mno. Yakipata joto hutanuka, na ganda lililokwisha kukauka halina pa kwenda. Yatoe kwenye friji dakika kumi kabla.

*Nataka ladha ya kwetu, si vanila kila siku.*

Iliki iliyosagwa upya, nusu kijiko cha chai kwa kipimo changu cha hapo juu. Maji ya waridi pia, ila yatumie badala ya maziwa unayolainishia aisingi, usiyatie juu ya maziwa, maana aisingi italegea.

*Nawapelekea wageni Shela kwa mashua. Yatafika? (Kijana wa Mkunguni)*

Yatafika ukiondoka asubuhi. Yapange kwenye chombo chenye kifuniko, safu moja, na ukifika usifunue papo hapo. Yakitoka kwenye baridi yakakutana na hewa yetu ya chumvi, hutoa jasho, na jasho hilo huyeyusha sukari na kuacha mabaka meupe juu ya chokoleti. Acha chombo kimefungwa mpaka kisiwe baridi tena ukikigusa. Na kama aisingi yako ni ya jibini laini, mwanangu, beba barafu.