Mfupa bandia kwenye taya la mbwa

SWALI: Shikamoo daktari. Mbwa wangu wa ulinzi aling'olewa chonge ya chini, pakabaki shimo refu. Nasikia kuna chembe za mfupa bandia za kujazia. Zinafaa?
Msomaji, Masasi, Mtwara

JIBU: Marahaba. Zinafaa, ila si kila shimo linazihitaji. Dogo lenye kuta nzima hujaa mfupa lenyewe. Chonge ya chini ni habari nyingine: mzizi wake huchukua sehemu kubwa ya taya, na ukitoka taya huweza kuvunjika.

Chembe za beta-trikalisiamu fosfeti (aina ya madini ya kalisi) hunyonywa na mwili kwa miezi kadhaa, mfupa halisi ukichukua nafasi yake. Za haidroksiapataiti (madini ya kalisi yanayofanana na ya mfupa) hukaa miaka. Hapa napendelea za kwanza.

Kinachoharibu kazi ni uchafu. Pakiwa na usaha, daktari akwangue hadi mfupa utoe damu, aoshe kwa dripu ya chumvi, ndipo aloweshe chembe kwa damu ya mbwa mwenyewe na kujaza hadi usawa wa ukingo. Asishindilie, maana mishipa ya damu hupenya katikati ya chembe. Ufizi ushonwe kwa uzi unaoyeyuka, unene namba 4-0 (mwembamba), bila kuvutwa. Ukivutwa huachia, na chembe zote humwagika.

Eksirei ipigwe hapo hapo, kisha tena baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa wiki 2 mpe uji mzito na samaki asiye na miba; mifupa ya kuguguna marufuku kabisa.