Kukoka Moto Kambini: Kwa Vijana Wanaoanza Kazi

Kila kijana anayekuja kusaidia jiko la kambi huniuliza kiberiti kiko wapi. Mimi humuuliza kuni ziko wapi. Msimu wangu wa kwanza milima ya Usambara nilikuwa na kiberiti kizima na rundo kubwa la kuni, na bado moto ulinizimikia mara tatu huku wageni wakitetemeka. Mpishi wetu, mzee wa miaka mingi porini, alilibomoa rundo lote, akaniambia, "Umeuziba pumzi, mwanangu."

Akanituma upya. Safari hii nisiokote chini, maana kuni zilizolala kwenye nyasi za Lushoto hunyonya ukungu hata pasipo mvua. Nikavunja matawi makavu yaliyokuwa bado mtini. Ukuni mkavu ukiuvunja hulia ta! Ukipinda kimya, uache. Mvua ikinyesha siku nzima, pasua gogo kwa panga: nje limelowa, moyo wake mkavu. Uchonge moyo huo kwa kisu taratibu, vibanzi vyembamba vijikunje bila kukatika, vibaki vimeshikana na ukuni kama manyoya ya kuku. Kuni tatu nne za namna hiyo hushika kwa njiti moja. Pwani makumbi ya nazi yangekutosha.

Kabla ya kuwasha, fagia majani hadi udongo mtupu, hatua mbili kila upande, na ukiwa ndani ya hifadhi, koka pale tu palipotengwa. Kisha panga mafungu yako: vijiti vyembamba kama njiti, konzi mbili tele, vya unene wa kidole, halafu vya unene wa mkono. Simamisha vile vyembamba juu ya vibanzi vikiegemeana, uache mlango upande unakotoka upepo, uwashe hapo chini. Wengi huharibu wakishaona mwali: wanatupia gogo. Subiri vya kidole vishike kwanza. Mafuta ya taa sitaki kuyaona jikoni kwangu. Huwaka kwa fujo, yakiisha kuni ziko vilevile, na chakula kinanuka.

Mawe ya mafiga usiyatoe mtoni. Jiwe lililokaa majini huweza kupasuka likipata moto, vipande vikakuruka usoni. Na mnyaa, ambao wengine huuita manyara, usiutie motoni wala kuukata. Utomvu wake ukiingia machoni ni hatari.

Kuzima ndiko kunakoninyima usingizi. Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, mahali pa kupumzikia wapanda mlima kati ya vituo vya Mandara na Horombo, ukaunguza Mlima Kilimanjaro kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ukimaliza, mwaga maji, koroga majivu kwa kijiti, mwaga tena hadi yaache kuchemka. Sogeza mgongo wa mkono karibu. Ukihisi joto lolote, chukua ndoo urudi mtoni.