Kuhusu mshauri anayetaka kumbeba mdogo wako usiku
Dada, umeuliza kama ni sawa mshauri kuja na vijana wanne usiku kumbeba mdogo wako hadi soba, yaani nyumba ya kuwasaidia waraibu wa pombe na dawa za kulevya waache. Hapana! Mtu mzima hushawishiwa, hafungwi kamba. Muulize mbele ya mama: hiyo soba inamlipa kamisheni kwa kila anayempeleka? Akianza kuzungukazunguka, achana naye. Na kama tatizo ni unga, yaani heroini, halafu hajataja methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, hata mara moja, mtilie shaka. Muhimbili inatolewa bure tangu 2011, Mwananyamala na Temeke ikafuata. Halafu picha za dogo akiwa na arosto, yale mateso ya kukosa unga, mshauri asizitie statasi kujitangaza. Kaka yangu alirushwa mtandaoni hivyo, kajikunyata na kanga ya mama, mpaka leo Tandika wanamtania.